Nyumba Tano za Rika Langu

Jumatatu, 18 Machi

Daftari hili lilinunuliwa liwe la kamati ya harusi. Ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa kalamu nyekundu "Harusi ya Resian na Lennox", na chini yake majina ya wenyeviti watatu, kwa sababu hapa Kitengela hakuna mtu anayekubali kuwa mwanakamati tu. Nimeugeuza huo ukurasa, sikuurarua. Karatasi haikukosea mtu.

Mimi ni Kuntai, babu yake Resian. Nilisoma mpaka darasa la nne. La tano nililichungulia dirishani nikienda malishoni. Kwa hivyo atakayesoma asinisahihishe. Ninaandika kwa sababu nimekatazwa kusema, na mzee aliyekatazwa kusema ni kama sufuria ya githeri iliyofunikwa: mvuke utatafuta pa kutokea.

Siri yenyewe ni hii. Wiki tatu zilizopita Lennox alituma ujumbe kwa simu, kwamba ameomba sana na "roho yake haijatulia". Akamalizia na kapicha ka mikono miwili imeshikana. Harusi ilikuwa iwe Jumamosi ya Pasaka. Resian alisoma, akaosha vyombo vyote vya nyumba, hata vile vilikuwa safi. Hakulia. Leo asubuhi amemwambia mama yake, Wanjira, kwamba anaenda Nanyuki kwa rafiki yake. Uongo mtupu. Amebeba begi la mgongoni kubwa kama ndama, na hema dogo limefungwa juu, na anaenda kwa miguu, peke yake, mpaka Entarara chini ya Kilimanjaro. Alikuwa ameomba likizo ya fungate kazini. Sasa anaitembea.

Na njia ni mimi nimempa.

Rika langu ni Iseuri. Kwetu mtu wa rika lako ni zaidi ya ndugu. Boma lake ni lako, na binti yako ni binti yake. Akimwangalia vibaya, rika zima litamlaani mpaka moto wake uzimike. Mwaka wa 2009, ukame ulipokula ng'ombe ukabakisha kengele, nilisukuma wangu waliobaki kutoka Kisaju mpaka Entarara, nikilala kwa marika. Nikamwandikia Resian majina hayo kwa karatasi: Moinket nje ya Isinya, Parsaloi wa Mashuuru, Tipape wa Selengei, Kirrinkai wa Kimana, na Lemein wa Entarara. Nikamwambia, simama langoni, ita jina la mzee kwa sauti, sema wewe ni mjukuu wa Kuntai. Hutalala njaa wala hutaguswa.

Akaniapisha. "Babu, usimwambie Mama. Nitakupigia kila siku ya tatu, saa kumi jioni."

Alipoinama nimbariki nilimtemea mate kichwani vile inatakiwa. Akajipangusa na mkono wa sweta! Watoto wa siku hizi.

Jumanne, 19 Machi

Jua. Magoti yanasema mvua inakuja. Redio inasema haiji. Naamini magoti.

Alhamisi, 21 Machi

Saa kumi kamili nilikuwa nyuma ya kibanda cha kuku na simu yangu ya tochi.

"Babu, nimefika kwa Moinket. Lakini hasikii! Nimemwambia mimi ni mjukuu wa Kuntai, akasema hataki dawa ya kunguni."

"Na mke wake?"

"Huyo ameelewa. Amenipa maziwa mpaka tumbo linalia kama mtungi. Mzee akaenda kuniletea ngozi ya kulalia yeye mwenyewe, na bado anafikiri nauza dawa."

Nimecheka mpaka kuku wakatawanyika. Moinket alikuwa kiziwi hata zamani, ila zamani alikuwa anachagua.

Ijumaa, 22 Machi

Wanjira ni mke wa mwanangu Saning'o, ambaye anaendesha lori la Juba na kuonekana kama mwezi mwandamo. Huyu mama ni Mkikuyu wa Murang'a, na hakuna kitu kinampita.

"Baba, jana ulikuwa na nani nyuma ya kibanda?"

"Na kuku."

"Kuku hawapigi simu."

"Hawa wako na laini."

Amenitazama kama mtu anayepima kitambaa. Nafikiri ameamua niko na mwanamke. Sikukataa. Katika umri wangu hiyo ni sifa.

Jumapili, 24 Machi

Amepiga kutoka Kajiado mjini. Viatu vimemchuna visigino. Amelala kwa akina mama wa kanisa. Nikamuuliza kama anataka kurudi. Halafu nikasikia kile kitu nilikuwa nangoja tangu ule ujumbe. Alilia. Alilia vizuri, kama mtu anafanya kazi aliyoahirisha.  Nilishika simu tu na kutazama kuku.

Mwishowe akasema, "Babu, anadhani mimi ni nani?"

"Mjinga huyo hadhani," nikamwambia. "Angekuwa anadhani, angekuja mwenyewe."

Jumatano, 27 Machi

Siku mbaya.

Simu ililia saa kumi na dakika ishirini. Dakika ishirini, nyuma ya kibanda cha kuku, ni ndefu.

"Babu." Sauti ya chini. "Niko Mashuuru. Nilisimama langoni nikaita jina la mzee, vile ulinifundisha. Kwa nguvu. Mara tatu."

"Akasema nini?"

"Wanawake waliweka mikono mdomoni. Msichana mmoja akakimbia. Babu, alikufa. Miaka sita sasa. Na mimi nilikuwa napiga kelele na jina lake kama muuza mboga."

Nilikaa chini, kwa mavi ya kuku, sikujali.

Anayesoma na si wa kwetu aelewe hapa. Kwetu mtu akifa, jina lake linawekwa chini pamoja naye. Halitajwi. Kama mtoto aliitwa jina hilo, anabadilishwa. Ukilitaja unamwita, na ukimwita unataka nini kwake? Kwa hivyo wasafiri wa Mashuuru walikuwa wakipita hapa kwangu, nawauliza habari za huko, wanasema huko ni kuzuri, mvua kidogo, ng'ombe wazima. Hakuna aliyesema uongo. Jina tu ndilo halikuwepo, na mimi sikusikia pengo lake.

Wanawe wamempokea mtoto, wamemwonyesha mahali pa kulala. Lakini nimeona sasa nilichofanya. Nimemtuma msichana peke yake akalale kwa wanaume ambao sijui kama wapo. Mzee wa rika langu anafungwa na kiapo. Vijana wa siku hizi sijui wanafungwa na nini.

Jina lile liko kwenye ukurasa wa tarehe 18. Sitalifuta, wino haukujua. Lakini sitaliandika tena.

Alhamisi, 28 Machi

Sikulala vizuri. Namfikiria akijipangusa ile baraka.

Jumamosi, 30 Machi

Leo ndiyo ilikuwa siku ya harusi. Mvua imeanza saa tatu asubuhi, mvua ya kweli, ya kufunga milango. Tungelowa wote na wenyeviti wetu watatu.

Saa sita nani anaingia? Lennox. Viatu vyenye ncha ya kuchokoa meno, matope mpaka magotini.

"Babu, shikamoo. Niko na shida ya roho."

"Bado haijatulia? Jaribu maziwa ya moto."

"Babu, tafadhali. Resian hashiki simu yangu. Ameenda wapi?"

"Mbele."

"Mbele wapi?"

"Mbele yako."

Nilikuwa nimengojea huyu kijana siku nyingi, nimchukie vizuri, niko na maneno nimeyanoa. Lakini amekonda. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, maji yanamtiririka, akasema aliogopa. Aliona orodha ya kamati, hema la watu mia tano, akaona maisha yote yanakuja kama lori halina breki, akaruka pembeni. "Nikamwacha yeye barabarani," akasema. Mjinga, lakini hilo amelisema sawa. Wanjira akampa chai. Mimi nikampa ukimya, na sukari.

Resian amepiga saa kumi, dakika mbili tu. Yuko kwa hema, uwanja wa shule ya msingi, kati ya Mashuuru na Selengei. Sikumwambia Lennox alikuja. Nilimuuliza, "Kuna mtu amekusumbua?" Akasema hapana. Nikauliza tena. Akasema, "Babu, umeuliza mara nne."

Jumapili, 31 Machi

Mvua. Kanisani mhubiri amesema kaburi lilikuwa tupu. Nikafikiria makaburi ambayo sijaambiwa yamejaa.

Jumanne, 2 Aprili

Selengei. Wa tatu pia hayupo. Miaka minne.

Safari hii Resian hakuita jina. Amejifunza. Alisimama langoni akasema, "Mimi ni mtoto wa Iseuri." Mjane wake akatoka, mama mzee, akamtazama viatu, begi, uso, akauliza, "Umetembea peke yako kutoka wapi?" Akamwambia. Mama akamwambia, "Basi ingia, umechelewa miaka minne lakini ingia."

Nilitaka kucheka, haikutoka.

Kesho anaingia ile sehemu ya msitu wa miiba kuelekea Kimana. Mwaka wa 2009 niliipita siku mbili na nilikuwa na mkuki na mbwa, na ndovu wa Amboseli walituangalia tukipita kama wenye nyumba wanaangalia wapangaji. Na kuna makorongo mawili. Yakiwa makavu ni barabara. Yakijaa hayana huruma.

"Ngoja maji yapungue," nikasema.

"Babu, chaji inaisha. Nitakupigia Ijumaa."

Ijumaa, 5 Aprili

Saa kumi. Hakuna.

Saa kumi na moja. Hakuna.

Simu yake inasema mteja hapatikani. Huyo mama wa kusema mteja hapatikani, siku moja nitampata.

Jumamosi, 6 Aprili

Hakuna. Mvua usiku kucha na mchana. Redio imesema kuna mtu amebebwa na maji huko kusini. Haikusema mwanamume au mwanamke. Mtangazaji akaweka wimbo.

Jumapili, 7 Aprili

Hakuna. Nimesema sitakwenda kibandani. Nimekwenda mara sita. Kuku wamenizoea, hawaondoki.

Jumatatu, 8 Aprili

Niandike pole pole.

Wanjira alikuwa jikoni anamenya viazi. Nilisimama mlangoni. Kwa desturi yetu mimi siingii jikoni kwa mke wa mwanangu, na yeye anajua. Leo niliingia.

"Baba, kuna nini?"

"Resian hayuko Nanyuki."

Kisu kikasimama.

"Anaenda Entarara. Kwa miguu. Peke yake. Mimi najua tangu siku ya kwanza. Ndiye nilikuwa naongea naye kwa simu pale kwa kuku. Ijumaa hakupiga."

Nilifikiri atapiga kelele. Afadhali angepiga. Aliweka kisu chini, akapangusa mikono kwa leso, kidole kimoja kimoja.

"Kwa miguu," akasema. "Kwa mvua hii. Na wewe unakaa mezani kwangu siku ishirini na moja, unaniomba chumvi."

"Aliniapisha."

"Na mimi ni nani? Jirani?"

Nikatazama viazi. 

"Analala wapi?"

"Nilimpa orodha. Marika wangu. Wa Isinya, wa Mashuuru..." Nikasita, kwa sababu majina hayasemeki. "Wa Selengei, wa Kimana, na Lemein wa Entarara."

Akanitazama, na hasira ikabadilika ikawa kitu kingine, na hicho kingine ndicho kiliniumiza.

"Baba. Hao watu hawako."

"Najua wawili."

"Watatu. Wa Kimana ni mwaka jana."

"Nani alikuambia?"

"Tulienda kuzika. Wote watatu. Saning'o alikataza uambiwe. Alisema kwenu hawatajwi, na presha yako iko juu, na magoti hayawezi safari. Kila mara tulikuambia tunaenda harusi."

Nilizikumbuka hizo harusi. Harusi ya Mashuuru, Saning'o amevaa koti jeusi. Harusi ya Selengei. Ile ya mwaka jana walirudi jioni wamechoka, na mimi hapa kwa kiti changu nikawauliza, nyama ilikuwa tamu? Bibi harusi ni mnene? Nikataniana nao mpaka Wanjira akaingia chumbani akafunga mlango. Nilidhani amechoka.

"Na Lemein?" nikauliza.

"Huyo sijui. Hakuna aliyetuita harusi yake."

Halafu akatoa simu yake na kuanza kupiga. Alimpigia mtu wa kanisa Kajiado, huyo akampa wa Mashuuru, huyo wa Mashuuru akasema atauliza Selengei, mtandao huko umeanguka. Mimi nikakaa kwenye kigoda cha jikoni, nikachukua kisu, nikamenya viazi. Vibaya. Hakunifukuza.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua imepungua tangu alfajiri. Saa nne na nusu simu yangu imelia, namba ngeni.

"Hapa ni kwa Mzee Kuntai? Mimi naitwa Kimanzi. Nalima vitunguu hapa Kimana, kwa shamba la..." Na yeye akasita. Mkamba, lakini amekaa na watu wetu, amejifunza. "La yule mzee. Nimekodi kwa watoto wake. Kuna msichana hapa anataka kuongea."

"Babu?"

Kabla sijajibu, Wanjira alininyang'anya simu. Nilidhani sasa ndiyo zile kelele za jana zinatoka. Alishika simu na mikono miwili. Halafu akasema:

"Umekula?"

Akabana simu sikioni.

"Nauliza umekula, Resian."

Na huko Kimana nikasikia mtoto wangu anacheka na kulia na kusema, "Mama, ndio, nimekula, nimekula nyanya nyingi sana."

Habari ni hivi. Ile asubuhi ya tarehe tatu alifunga begi kuondoka Selengei. Mjane akasimama mlangoni, akakataa. Akasema mume wake angekuwepo asingemruhusu binti wa rika kuingia msituni na mawingu yale, na kwa kuwa hayupo, anakataa kwa niaba yake. Resian akabishana kidogo. Mama akaketi juu ya begi. Jioni korongo likajaa, likapita na mti mzima, mizizi juu. Simu ilikuwa imelowa. Wakaifukia kwa unga wa mahindi siku tatu, ikatoka imekufa na nyeupe kama mzungu. Juzi maji yaliposhuka huko, vijana wawili wa boma lile walimpitisha msituni mpaka Kimana, mmoja mbele, mmoja nyuma, wakimwita dada.

"Yule mama alinibariki nikitoka," Resian akasema. "Kwa mate, Babu. Uso mzima."

"Na wewe?"

"Sikujipangusa."

Nimekwenda nyuma ya kibanda. Sikuwa na simu ya kupokea. Nilikwenda tu. Nilikuwa naogopa kwamba nimemtuma kwa watu wasiokuwepo. Lakini hao wasiokuwepo wamemlaza, wamemlisha, wamemkalia begi.

Jumatano, 10 Aprili

Wanjira ananisemesha, lakini kwa sentensi fupi. "Chai." "Kofia." "Dawa." Naomba chumvi kwa ishara.

Ijumaa, 12 Aprili

Saa kumi, na safari hii tulikuwa wawili nyuma ya kibanda, Wanjira ameleta kiti chake. Resian, kwa simu ya kuazima, alikuwa amefika Entarara. Sikutaka kuuliza. Nilikuwa nimeshajipanga: nimeshasema moyoni, huyo naye basi, jina lake pia nitaliweka chini.

"Babu, kumetokea kitu. Nilifika langoni nikasema, mimi ni mjukuu wa Kuntai. Wanawake wakaweka mikono mdomoni."

"Ulipaswa kuuliza kwanza kama yuko!"

"Sikutaja la kwake, Babu. Nilitaja lako."

Sikuelewa.

"Hapa wewe ulikufa. Tangu zamani! Wasafiri wa Kisaju hawakuwa wanakutaja, hukuonekana tena, wakafikiri ndiyo hivyo. Kuna wajukuu hapa hawajawahi kusikia jina lako. Mzee mmoja alikuwa ameketi ukutani, akasimama, akaniambia niseme tena. Nikasema Kuntai. Akasema, yuko wapi? Nikasema, nyuma ya kibanda cha kuku."

Nikasikia simu inabadilisha mkono. Pumzi ya mzee, ndefu, kama mtu aliyepanda mlima. Halafu neno moja.

"Pakiteng."

Mwaka tulipotoka ujana nilimpa Lemein dume la ng'ombe. Tangu siku hiyo hatukuitana majina. Aliyepeana na aliyepokea dume wote wanaitana Pakiteng. Ni mtu mmoja tu duniani ananiita hivyo. Nilikuwa sijaitwa miaka kumi na mitano.

"Pakiteng," nikamjibu.

Dakika za simu zikaenda.

"Lile dume," akasema, "lilikuwa kipofu jicho la kushoto."

"Nilijua."

"Nimengoja miaka hamsini useme."

Wanjira alikuwa amegeuza uso anaangalia kuku. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, sijui kwa kicheko au nini, na sikuuliza.

Resian akarudi kwa simu. Nikamwambia Lennox alikuja siku ile ya Pasaka, amelowa, roho yake bado, na nimpe jibu gani akirudi. Alifikiri kidogo. Nikasikia ng'ombe wanaingia bomani huko kwake.

"Babu, unajua kwenye nyumba zote hizi hakuna mtu aliniuliza mimi ni mchumba wa nani? Waliuliza tu mimi ni mtoto wa rika gani." Halafu akasema, "Mwambie yangu imetulia."

Jumapili, 14 Aprili

Tunakwenda kumchukua. Jirani yetu Bedan atatupeleka na pikapu yake. Barabara ya Kimana imekauka. Wanjira amepika chapati za jeshi. Amenifungia dawa za presha kwa karatasi, akaandika saa, kwa herufi kubwa, kama mtu anayeandikia mtoto wa nasari. Nimesema nitapita Selengei kwanza nimshukuru yule mama, na Mashuuru nisimame langoni bila kuita mtu. Magoti yanasema haiwezekani. Leo siyaamini magoti.

Wakati tunapakia, jirani wa ng'ambo ameita kutoka kwa ua wake, "Mzee, na hiyo kofia nzuri, mnaenda wapi?"

Wanjira akanitazama. Ndiye aliyejibu.

"Tunaenda harusi."